Sindano ndani ya mfuko mweusi

Sindano iliyonichoma ilikuwa ndani ya mfuko mweusi. Anayeijua kazi hii ya kubeba taka za hospitali ameshaelewa tatizo. Mfuko mweusi ni wa maganda ya ndizi, makaratasi, chupa za maji na mabaki ya chakula wanachoacha ndugu wa wagonjwa. Sindano haina kazi humo. Lakini ilikuwemo, nami nilikuwa nimeuegemeza mfuko ule kwenye paja nikishuka ngazi za wodi ya wazazi, nikasikia kitu kama mwiba juu kidogo ya goti.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwezi wa sita mwaka 2017, Dar es Salaam. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilijifungia chooni nikapandisha suruali. Palikuwa na tone moja la damu, dogo kama mbegu ya mchicha. Nililitazama kwa muda, kisha nikafanya makosa manne mfululizo, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilikikamua kidonda ili damu itoke. Nikakimwagia dawa ya klorini bila hata kuizimua. Nikaenda kuutupa ule mfuko kama kawaida. Na sikumwambia mtu.

Nirudi nyuma kidogo ili ieleweke nilifikaje pale.

Kazi niliipata kwa kampuni ya usafi iliyokuwa na mkataba na hospitali. Usaili ulikuwa wa kuulizwa naishi wapi na kama naweza kuamka alfajiri. Siku ya kwanza nilipewa fagio, ndoo na glovu nyembamba za kuvaa mara moja, jozi mbili za siku nzima. Gambuti nilikatwa kwenye mshahara wa kwanza, shilingi 15,000, na mshahara wenyewe ulikuwa laki na nusu. Nilipouliza nianzie wapi, msimamizi alinionyesha mama mmoja aliyekuwa anakusanya ndoo: "Fuatana na yule, utaona anavyofanya."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote.

Mama yule alikuwa na miaka sita kazini na roho nzuri kupita kiasi. Alinifundisha njia za kupita kati ya majengo, nesi gani mkali, chai ya bei nafuu inauzwa wapi. Alinifundisha pia kuukanyaga kwa mguu mfuko uliojaa ili uchukue zaidi, maana mifuko ilitolewa kwa kuhesabiwa na ikiisha kabla ya Ijumaa unaonekana mharibifu. Naye alifundishwa hivyo na aliyemkuta. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumweka chini akamwambia rangi za ndoo zina maana gani.

Nyumbani nilirudi na nguo za kazi mwilini, kwenye daladala la Mbagala lililojaa watu. Nilizifua kwenye beseni lile lile nililofulia nguo za mwanangu, akiwa na miaka mitatu. Jambo hili linaniuma kuliko ile sindano. Sindano ilinichoma mimi peke yangu.

Sasa kuhusu ule ukimya. Nilinyamaza kwa sababu mwezi mmoja kabla, mwenzetu alijikata na kichupa cha dawa, akaenda kumweleza msimamizi, akaambiwa mbele yetu wote kwamba ni mzembe. Wiki iliyofuata hakupangwa zamu. Tulielewa somo lile vizuri sana. Nilinyamaza pia kwa sababu ya mume wangu. Nilijiuliza nitamwambiaje kwamba huenda nimepata VVU kazini, na kama ataamini kwamba ni kazini. Usiku ule nililala nikiwa nimempa mgongo. Ijumaa nilikwenda kazini, nikafanya zamu nzima, nikarudi. Kila nilipoinama niliihisi ile sehemu ya paja, ingawa kwa kweli haikuwa inauma.

Jumamosi mchana sista mmoja wa wodi aliniona nimekaa kwenye ngazi silii wala sisemi. Akauliza, "Mdogo wangu, kuna nini?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliangalia saa, akauliza ilikuwa saa ngapi ile Alhamisi, akahesabu kwa vidole, akasema, "Saa arobaini na tano. Bado tuna muda. Inuka." Akanishika mkono hadi kliniki.

Yaliyofuata nitayaeleza taratibu kwa sababu ndiyo niliyotamani mtu aniambie siku ya kwanza.

Ukichomwa, osha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwage klorini wala spiriti kali, maana unaichubua ngozi na kuufungulia uchafu njia. Kama ni damu au majimaji yamerukia machoni, suuza kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa muda huo huo, si mwisho wa zamu. Dawa za kinga dhidi ya VVU, zile zinazoitwa PEP, hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio. Baada ya hapo hazina maana tena. Na hata ndani ya hizo 72, kila saa inayopita inakupunguzia nafasi, ndiyo maana wataalamu wanataka uanze ndani ya saa chache za mwanzo. Mimi nilizichezea saa 45 kwa kumwogopa msimamizi.

Daktari wa pale kliniki alinieleza takwimu ambazo zilinituliza upande mmoja na kunishtua upande mwingine. Katika watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3. Kumbe nilikuwa namwogopa simba aliye mbali. Homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, inaweza kufika hadi watu 30 katika 100, na kirusi chake hukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Chanjo yake ipo, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Miezi mitatu nimebeba taka za damu na hakuna aliyeniuliza kama nimechanjwa. Nilichanjwa dozi ya kwanza siku ile, na zote tatu nililipia mwenyewe.

Dawa za kinga humezwa siku 28 bila kuruka. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na kichefuchefu cha kuamka nacho, na harufu ya vitunguu vikikaangwa ilinitoa jikoni. Nilijifunza kumeza baada ya chakula cha usiku ili nilale nacho. Wenzangu wengi niliokutana nao baadaye waliacha siku ya kumi kwa sababu hiyo hiyo. Msiache. Rudini kliniki muwaeleze, kuna dawa za kutuliza tumbo.

Mume wangu nilimwambia Jumapili, kwa sababu nilishauriwa tutumie kondomu mpaka vipimo viishe na sikuona namna ya kulificha hilo. Alikaa kimya kama dakika mbili, halafu akaniuliza, "Na kwa nini ulilala na hili siku tatu peke yako?" Nikalia kwa mara ya kwanza. Vipimo vilirudiwa baada ya wiki sita, miezi mitatu, na miezi sita. Vyote vilikuwa salama. Miezi sita ni mingi sana ukiwa unahesabu.

Sasa pesa. Siku nne sikwenda kazini na hazikulipwa. Nauli za kliniki, chanjo, chakula cha kumezea dawa, yote yalitoka mfukoni. Nilipokwenda kudai, kampuni ilisema ajali ilitokea hospitalini, hospitali ikasema mimi si mtumishi wao. Nilikuwa mpira. Na kilichonimaliza nguvu ni kwamba hakukuwa na mstari mmoja popote ulioandikwa kwamba siku ile nilichomwa. Kitabu cha ajali hakikuwepo. Mkataba wangu ulikuwa wa mdomo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulikuwepo tayari, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na anayeuchangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini madai yanaanza kwa wewe kumjulisha mwajiri na mwajiri kuujulisha mfuko. Mimi nilianza kwa kunyamaza.

Kwa hiyo kabla hujapokea ufagio, uliza mambo mawili: mwajiri wangu ni nani kwa maandishi, na nikiumia naandikwa kwenye kitabu gani. Ukiumia, andika wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, tarehe, saa, mahali, shahidi, hata kwenye karatasi ya daftari, ukaipige picha kwa simu. Taarifa ya mdomo inakanushwa jioni ile ile.

Niliacha kazi ile mwanzoni mwa 2018. Nilikaa miezi kadhaa nikiuza vitumbua, na niliapa kwamba taka za hospitali basi. Rafiki yangu ndiye aliyeniambia hospitali nyingine inaajiri wahudumu wa taka na kwamba wanawapeleka mafunzo siku tano kabla hawajagusa kitu. Nilikwenda kwa sababu ya hilo neno "kabla".

Siku ya pili ya mafunzo sitaisahau. Mkufunzi, afisa afya mmoja wa makamo, alichanganya bizari ya manjano na mafuta ya kula kwenye bakuli, akatupaka sote kwenye glovu, mbele na nyuma ya viganja. Akasema tuzivue kama tunavyovua siku zote, tuvae nyingine. Tukavua. Kisha akasema tunyooshe mikono. Karibu kila mtu alikuwa na manjano kwenye kifundo cha mkono. Mmoja alikuwa nayo shingoni, amejikuna bila kujua. Mimi ilikuwa kwenye simu yangu, alama ya kidole gumba juu ya picha ya mwanangu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mkufunzi akasema taratibu, "Ingekuwa damu, msingeiona."

Ndipo akatuonyesha: bana glovu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, ivute igeuke nje-ndani, ikunje ndani ya kiganja chenye glovu, kisha ingiza kidole kitupu chini ya ile ya pili, kwa upande wa ngozi, uivute iizungushie ya kwanza. Tulirudia mpaka bizari ikaisha kwenye bakuli. Nimekwisha kuwafundisha wengi hadi sasa na sijapata njia bora kuliko bizari.

Mengine niliyoyapata pale ni haya. Nguvu yote ya kazi iko wodini, taka inapozaliwa, si kwako unayeibeba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu, kama za nyumbani, na 15 ndizo hatarishi. Ukizichanganya, zote zinakuwa hatarishi, mafuta ya kuchomea yanaongezeka, na sindano inaingia mfuko mweusi. Vyenye ncha kali vinaingia kwenye sefti boksi, lile boksi maalumu la kutupia sindano, palepale vinapotumika, bila kurudishiwa kifuniko. Sefti boksi linafungwa likifika robo tatu, halisubiri kujaa, na likishafungwa halifunguliwi na yeyote kwa sababu yoyote. Mfuko nao unafungwa ukifika robo tatu, ili upate shingo ya kushika. Unabebwa kwa shingo, mbali na mwili, au bora unaingia kwenye toroli lenye mfuniko. Kama ningefundishwa hili moja tu mwaka 2017, paja langu lisingeguswa.

Nilikuwa nadhani glovu za wodini ndizo glovu. Kumbe zile ni za kumhudumia mgonjwa. Mbeba taka anatakiwa glovu nzito za kufika nusu ya mkono, gambuti zenye soli ngumu, aproni ya plastiki, miwani na barakoa. Na hivi vyote, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, vinatolewa na mwajiri, bure. Zile 15,000 za gambuti hazikupaswa kukatwa. Sheria hiyo hiyo inataka mfanyakazi apewe mafunzo na apimwe afya, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi kuangalia. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni zake za taka hatarishi, inataka anayekusanya na kusafirisha taka hizi awe na kibali. Siyataji haya ili mkagombane na wakubwa. Nimeona kwamba ukimwambia msimamizi "naomba glovu" anasema hazipo, lakini ukimwandikia barua ya mistari mitano inayotaja sheria kwa jina na mwaka, glovu zinapatikana Jumatatu.

Baada ya mwaka nilihamishiwa tanurini, na huko nilikuta hatari za aina nyingine kabisa. Nilikuwa nadhani moto unamaliza kila kitu. Tanuru letu lina vyumba viwili. Cha kwanza kinachoma taka, na hupaswi kuingiza kitu kabla joto halijafika nyuzi 850. Cha pili kinauchoma moshi wenyewe, kwenye nyuzi 1,100. Ukiwa na haraka ukaingiza taka mapema, unapata moshi mweusi mzito, na moshi wa plastiki za aina ya PVC kama mifuko ya damu unabeba sumu ziitwazo dayoksini. Yule anayesimama mlangoni ndiye anayezivuta kwanza. Vipimajoto vya zebaki havichomwi kamwe, zebaki inageuka mvuke na huioni. Makopo ya kupulizia na vichupa vilivyozibwa vinapasuka. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliwahi kurushiwa kipande cha kioo, kikagota kwenye miwani yake, na ile miwani iliyopata ufa tumeitundika ukutani. Majivu nayo ni taka hatarishi, yana sindano zilizobaki na madini mazito. Yanaachwa yapoe, yanalowanishwa kidogo yasipeperuke, yanapelekwa kwenye shimo lake lililosakafiwa. Nimewahi kuona mahali wanayamwaga kwenye bustani ya mchicha.

Zamu ikiisha naoga kazini. Nguo za kazi zinabaki kazini na zinafuliwa kazini. Hili nililipigania kwa barua tatu.

Siku hizi wafanyakazi wageni wakija wanaletwa kwangu kwanza. Wiki yao ya kwanza hawabebi chochote. Tunaanza na chanjo, tunapita wodi kwa wodi wakinitajia rangi za ndoo, tunapaka bizari. Halafu nawaonyesha kitabu cha ajali, kimefungwa kwa kamba kwenye meza yangu, na nawasomea ukurasa wa kwanza ambao niliuandika kwa mkono wangu kuhusu Alhamisi ile, pamoja na hizo saa 45.

Mwezi uliopita binti mmoja mgeni, hajamaliza hata wiki tatu, alichomwa kidole alipokuwa anaokota sindano iliyodondoka chini ya kitanda. Alipaswa kutumia koleo, na hilo tumeliongea. Lakini alikuja mbio, mkono umelowa maji na povu la sabuni bado liko kwenye kucha, akasema kabla hajafika mlangoni, "Mama, nimechomwa, sasa hivi, saa mbili na arobaini." Kitabuni imeandikwa hivi: kuchomwa, saa 2:40 asubuhi. Kidonge cha kwanza, saa 3:25.